Dkt. Dorothy Andersen, aliyewafundisha madaktari wa upasuaji

Dada anayesoma udaktari pale Kamenge akiulizwa kama upasuaji ni kazi ya mwanamke, na amtaje Dorothy Andersen. Hakuwa Muislamu, tunamwandika kwa ajili ya elimu yake.

Alizaliwa mwaka 1901 North Carolina, Marekani, mtoto wa pekee. Baba alifariki 1914, mama 1920. Yatima huyo alihitimu udaktari Johns Hopkins mwaka 1926, akitaka kuwa daktari wa upasuaji. Baada ya mwaka wa mazoezi mjini Rochester alinyimwa nafasi hiyo kwa sababu ni mwanamke. Akageukia patholojia, yaani kuchunguza viungo ili kujua ugonjwa umefanya nini mwilini.

Mwaka 1935 aliingia Babies Hospital, New York. Huko alichunguza maiti ya mtoto aliyedhaniwa kufa kwa ugonjwa wa siliaki, akakuta kongosho limeharibika kwa namna nyingine kabisa. Hakuridhika. Alifukua kumbukumbu za watoto wengine, na mwaka 1938 akaueleza ugonjwa wa sistiki faibrosisi, ambao ute mzito huziba kongosho na mapafu. Kabla yake watoto hao walizikwa kwa jina la ugonjwa usio wao.

Kazi yake juu ya uvimbe haitajwi sana, nasi tunaona ni kosa. Mwaka 1951 alichapisha hesabu ya uvimbe wa watoto uliopita katika maabara ile tangu 1935 hadi 1950. Saratani ya mtoto si ya mtu mzima iliyopunguzwa ukubwa: baadhi huanzia kwenye figo, neva au jicho ambalo bado linakua. Daktari anayeona mgonjwa mmoja au wawili wa aina hiyo maishani atajuaje tofauti zake, bila mtu aliyekaa akawapanga wote?

Pia alitunza mioyo ya watoto waliozaliwa na kasoro. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, madaktari waliojiandaa kupasua mioyo walikuja kujifunza kwake. Kazi aliyonyimwa yeye, wao walikuja kuiandalia darasani mwake.

Wenzake walilalamikia nywele zake zisizochanwa na maabara iliyojaa majivu ya sigara. Mwanamume msomi angesemwa kwa nywele? Lakini kuhusu sigara walikuwa na haki. Alipata uprofesa mwaka 1958, akafariki kwa saratani ya mapafu tarehe 3 Machi 1963.