Salum Abdallah: Mtu Alikufa, Bendi Ikabaki



Kila mwaka katika kijitabu hiki cha harambee tunatenga kurasa mbili kwa ajili ya maisha ya mtu mmoja ambaye kazi yake ina funzo kwetu. Mwaka huu tumemchagua Salum Abdallah wa Morogoro, mwanzilishi na kiongozi wa bendi ya Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965. Hata vijana wasiolijua jina lake wanaijua sauti yake, kwa sababu wimbo wake wa Mkono wa Idi bado husikika redioni sikukuu inapofika.

Salum hakuzaliwa Masasi wala Newala. Lakini wazee wetu wengi walitoka huku Kusini kwenda manamba katika mashamba ya mkonge, na Morogoro ni moja ya sehemu walizofikia. Muziki wa dansi waliousikia huko mjini siku za mapumziko walirudi nao nyumbani, ukakaa pamoja na sindimba na ngoma zetu za jando. Kwa hiyo si mgeni kabisa kwetu. Na kazi aliyoifanya inafanana na hii tunayoihangaikia sisi, ya kuanzisha kitu cha watu wengi kwa fedha ndogo, kisha kitu hicho kikadumu.

Kijana wa Morogoro

Salum Abdallah Yazidu alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Baba yake alikuwa mtu wa asili ya Kiarabu. Baadaye wapenzi wa muziki walizoea kumwita kwa herufi tatu za mwanzo wa majina yake, SAY.

Alikua wakati santuri za Kuba zilipokuwa zikiuzwa kote Afrika Mashariki. Kampuni ya HMV ilikuwa na mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi GV, nao ndio ulioleta rumba na bolero katika miji yetu. Waliozisikiliza hawakujua Kihispania, ila mapigo yale hayakuwa mageni sana masikioni mwao. Yalikuwa yamevuka bahari na mababu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika, na sasa yalikuwa yakirudi katika kisanduku cha gramafoni.

Inasimuliwa kwamba kijana Salum alizipenda santuri hizo hata akatoroka nyumbani, akitaka kufika Kuba kwenyewe kujifunza muziki. Safari ilimfikisha Mombasa tu. Kuba hakuiona, basi akaamua kuileta Morogoro.

Kuanzisha bendi

Mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, alianzisha bendi iliyoitwa La Paloma, neno la Kihispania lenye maana ya njiwa. Kufikia mwaka 1952 bendi ilikuwa na jina lililokuja kupata sifa kubwa zaidi, Cuban Marimba.

Leo mtu akitaka kuwa mwanamuziki hurekodi peke yake akatuma wimbo kwa simu. Enzi zile ilikuwa lazima kwanza wapatikane watu, kisha vyombo, kisha ukumbi. Gita lilikuwa mali ya thamani, na mpigaji mzuri asiye na gita lake alikuwa jambo la kawaida. Kwa sababu hiyo bendi nyingi za Tanganyika ziliendeshwa kama vyama. Zilikuwa na wanachama, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na vyombo vilikuwa mali ya klabu. Wanachama wengine hawakupiga chombo chochote. Kazi yao ilikuwa kuchanga, kukata tiketi mlangoni, kushona sare na kuishangilia bendi yao.

Kiongozi wa bendi katika mazingira hayo alikuwa na kazi nyingi kuliko kuimba. Alitafuta ukumbi na kupatana bei. Aliangalia tarehe, maana dansi la mwisho wa mwezi, watu wakiwa na mishahara mfukoni, si sawa na dansi la katikati ya mwezi. Alipanga usafiri wa watu na vyombo kwenda miji mingine. Dansi likiisha alfajiri, fedha za mlangoni zilihesabiwa, na hapo ndipo bendi nyingi zilipovunjikia. Salum Abdallah aliiongoza Cuban Marimba kwa zaidi ya miaka kumi bila kuvunjika, na hilo peke yake ni sifa.

Redio na santuri

Mwaka 1951 utangazaji wa redio ulianza Dar es Salaam. Kabla ya hapo bendi ya mkoani ilijulikana na watu walioweza kuifikia kwa miguu, baiskeli au treni. Redio ilipoanza kurekodi bendi za hapa nchini, wimbo uliopigwa Morogoro uliweza kusikika hadi huku kwetu kwenye nyanda za Makonde, mahali ambapo bendi yenyewe ingetumia siku nyingi za vumbi na tope kufika.

Upande wa santuri ulikuwa mgumu zaidi. Tanganyika haikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza, hivyo biashara hiyo ilikuwa Kenya. Cuban Marimba ilitoa santuri zake kupitia lebo ya Mzuri, mali ya duka la Assanand la Mombasa. Mji uleule ambao safari ya kijana Salum ilikomea ndio uliokuja kueneza sauti yake Afrika Mashariki nzima.

Nyimbo zilizompa jina ni pamoja na Ngoma Iko Huku na Wanawake Tanzania. Mapigo yalikuwa ya Kuba, ya rumba na chacha, lakini maneno yalikuwa ya Kiswahili cha mtaani na mambo ya watu wa hapa: mapenzi, ukwe, sikukuu, heshima na nchi mpya iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961.

Watani wa jadi

Mji wa Morogoro haukuwa na bendi moja. Morogoro Jazz ilikuwepo tangu mwaka 1944, na mashabiki wa pande mbili walitaniana na kushindana kama wa Simba na Yanga. Ushindani huo ulizisaidia bendi zote mbili. Ukitoa wimbo mzuri, mwenzako hawezi kulala. Mji usio mkubwa ukawa miongoni mwa vituo vikuu vya muziki wa dansi nchini, ukitazamana na Dar es Salaam bila aibu.

Mwaka 1965

Mwaka 1965 Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari. Hakuwa ametimiza miaka 40. Kwa bendi iliyobeba sauti yake kila mahali, watu wangeweza kudhani kwamba habari imekwisha.

Haikwisha. Juma Kilaza alishika uongozi, na Cuban Marimba ikaendelea kupiga, kurekodi na kupendwa hadi miaka ya 1970. Kilaza hakujifanya Salum. Aliimba kwa namna yake na akatunga nyimbo zake, lakini jina lilikuwa lilelile na mashabiki walikuwa walewale. Alikuta bendi iliyozoea kazi, naye akaiongezea ya kwake.

Tumtazame pia Mbaraka Mwinshehe, nyota wa Morogoro Jazz, ambaye huenda ndiye mpiga gita mashuhuri kuliko wote nchini. Mwaka 1973 alianzisha bendi yake, Super Volcano. Naye alifariki kwa ajali ya gari, Mombasa, Januari 1979. Super Volcano haikudumu baada yake. Hatusemi hivi kumpunguzia Mbaraka heshima, maana nyimbo zake zinaishi. Tunasema kwamba bendi inaweza kuegemea kwa mtu mmoja hata akiondoka isiweze kusimama.

Funzo kwa chama chetu

Harambee ya mwaka huu ni ya kununua viti, maturubai, spika na vyombo vyake, ili familia zetu zisikodi kwa bei ya kuumiza panapotokea harusi, jando au msiba. Katika vikao vya maandalizi swali lililotuchukua muda mrefu halikuwa la bei. Lilikuwa hili: vitakaa kwa nani, nani atashika ufunguo, na huyo akihama au akifa itakuwaje?

Ni swali la haki, na halimtukani mtu yeyote. Wote tunajua vyama vilivyokufa siku moja na mwenyekiti wake, mali ikabaki nyumbani kwa marehemu, warithi wakadhani ni yao, na waliochanga wakaona haya kwenda kudai kwenye matanga. Kikao kimeamua mali yote iandikwe kwa jina la chama, daftari liwe nakala mbili kwa watu wawili tofauti, na kila anayeshika kazi awe na msaidizi anayejifunza kazi hiyo. Juma Kilaza alipatikana kwa sababu alikuwa tayari yumo ndani ya muziki. Hakutafutwa siku ya mazishi.

Salum Abdallah alianza na hamu ya santuri za nchi asiyowahi kuifika. Sisi tunaanza tukiwa na nyumba zetu, mikorosho yetu na ndugu walioko Dar es Salaam, Mtwara na kwingineko wanaokumbuka walikotoka. Kiasi chochote utakachotoa kitaandikwa katika daftari, na daftari liko wazi kwa kila mwanachama.