Padri Albert Joubert, Mchungaji Asiyekimbia

Magharibi ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Moba, kuna mahali paitwapo Mrumbi. Hapo, tarehe 18 Oktoba 1908, alizaliwa Albert Joubert. Baba yake alikuwa Mfaransa, Kapiteni Joubert. Mama yake, Agnes Atakaye, alikuwa mwana wa nchi.

Kapiteni Joubert hakuja Kongo kutafuta pembe za ndovu wala mali. Siku zile wafanya biashara ya watumwa walichoma vijiji vya kando ya ziwa, wakawafunga watu minyororo na kuwapeleka mbali. Yeye alikuja kuwasaidia Mapadri Weupe kuwalinda watu hao. Hatari ilipokwisha hakurudi kwao. Alikaa na jamaa yake mpaka alipofariki mwaka 1927. Basi Albert alijifunza nyumbani ya kuwa mtu mwema hawaachi wenzake katika taabu.

Mwaka 1917, Albert alipokuwa na miaka minane, Stefano Kaoze, mzaliwa wa nchi ile ile, alipewa upadri. Yeye ndiye Mkongo wa kwanza wa nyakati zetu kuwa padri. Albert naye akafuata njia hiyo, akapewa upadri mwezi wa Oktoba 1935.

Karibu miaka thelathini alifanya kazi ya Mungu. Kila siku padri husoma Misa, na kila siku husali Zaburi. Kazi hiyo ni ndogo machoni pa watu, lakini ni kama kuweka akiba ghalani. Njaa ikija, mwenye ghala tupu atakula nini?

Njaa hiyo ilikuja mwaka 1964. Waasi walioitwa Simba waliteka nchi kubwa ya mashariki ya Kongo. Huko Uvira, Askofu Catarzi na wamisionari wengine walizuiliwa miezi mingi. Wageni wengi wakaondoka. Padri Albert alikuwa Fizi, milimani, pamoja na Padri Giovanni Didonè, Mwitalia wa shirika la Wasaveri. Chini, huko Baraka kando ya ziwa, walikuwapo Wasaveri wengine wawili, Padri Luigi Carrara na Furere Vittorio Faccin.

Jaribu lilikuwa kubwa. Kukimbia si dhambi kila mara, na kila mtu hupenda uhai wake. Lakini Wakristu wa Fizi na Baraka hawakuwa na mahali pa kukimbilia. Nani angewabatiza watoto wao na kuwaombea wagonjwa wao? Bwana Yezu alifundisha katika Evangelio ya kuwa mtu wa mshahara, amwonapo mbwa-mwitu, huwaacha kondoo, bali mchungaji mwema hutoa uhai wake kwa ajili yao. Mapadri hao walikuwa wamewasomea watu maneno hayo mara nyingi. Sasa ilikuwa zamu yao kuyashika. Wakabaki.

Tarehe 28 Novemba 1964 ilikuwa Jumamosi, na kesho yake Majilio yangeanza. Huko Baraka, Padri Luigi alikuwa kanisani akiwaungamisha watu. Gari la waasi likasimama nje. Mkubwa wao akamwamuru Furere Vittorio apande. Furere akakataa, akapigwa risasi. Padri Luigi akatoka, akapiga magoti karibu na mwili wa ndugu yake, asikubali kutengwa naye. Naye akauawa papo hapo.

Kisha waasi wakapanda mpaka Fizi. Jioni wakabisha hodi katika nyumba ya mapadri. Mlango ukafunguliwa, kama ulivyofunguliwa siku zote kwa kila mwenye shida. Padri Giovanni akapigwa risasi, na Padri Albert naye akauawa. Alikuwa na miaka 56.

Siku tatu baadaye, huko Isiro, Sista Anuarite naye aliuawa kwa ajili ya ahadi aliyomwekea Mungu.

Wakristu wa Fizi na Baraka hawakuwasahau wachungaji wao. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa jina la Papa Fransisko, aliwatangaza wote wanne kuwa wenye heri.

Watoto, Yezu alipojaribiwa jangwani, alimjibu Shetani kwa maneno ya Maandiko aliyoyashika moyoni. Nanyi yashikeni tangu leo. Mwenye kungoja mvua ndipo atafute majani ya kuezekea atalala majini.

Maswali

1. Wazazi wa Padri Albert walikuwa nani?
2. Kwa nini baba yake alikuja Kongo?
3. Kwa nini mapadri hawakukimbia mwaka 1964?
4. Padri Luigi alifanya nini alipoona mwili wa Furere Vittorio?
5. Wewe hujaribiwa kufanya nini, na neno gani la Evangelio laweza kukusaidia?