Mwalimu Nyerere na Meza ya Arusha

Habari nyingi za Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere zinajulikana: TANU, Uhuru, Azimio la Arusha, na vijiji vya Ujamaa ambavyo wazee wa Handeni wanavikumbuka, kila mmoja kwa namna yake. Lakini tumeona kwamba vijana wetu hawaijui kazi yake ya mwisho, aliyoifanya akiwa mzee wa zaidi ya miaka sabini, wala hana tena cheo serikalini. Hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Mwisenge, Tabora, Makerere na Edinburgh, akafundisha Tabora na Pugu. Mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu kwa ajili ya siasa, lakini jina la Mwalimu halikumwacha, jambo ambalo sisi tulioshika chaki tunalifurahia. Aling'atuka urais mwaka 1985, na uenyekiti wa CCM mwaka 1990.

Warundi si wageni kwetu Korogwe. Wakati wa ukoloni walikuja kukata mkonge katika mashamba ya huku, na wengine hawakurudi. Kwao Wahutu ni wengi na Watutsi ni wachache, ingawa wote husema Kirundi. Jeshi lilikuwa mikononi mwa Watutsi, na kwa miaka mingi serikali ilitoka jeshini. Mwaka 1972 Wahutu wengi sana waliuawa. Waliopona wakakimbilia kwetu, wakapewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Juni 1993 alichaguliwa Rais Mhutu, Melchior Ndadaye. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo askari walimwua. Kisasi kikafuata, Watutsi wakauawa vijijini, na jeshi nalo likalipiza. Wahutu waliochukua silaha wakaingia msituni.

Mwaka 1996 Mwalimu alikubali kuwa msuluhishi, akaanza kuvikutanisha vyama vikubwa viwili, FRODEBU na UPRONA, mjini Mwanza. Kabla kazi haijafika mbali, tarehe 25 Julai, Meja Pierre Buyoya alitwaa serikali kwa nguvu za jeshi. Nchi jirani zikakutana Arusha tarehe 31 Julai, zikaiwekea Burundi vikwazo vya biashara, na Mwalimu akaviunga mkono. Tangu hapo upande wa Buyoya ulimwona kuwa ana upendeleo. Agosti 1997 mkutano uliitishwa Arusha, na wajumbe wa serikali hawakuja. Mtu mwingine angerudi Butiama kulima shamba lake. Yeye alingoja.

Tarehe 15 Juni 1998 hatimaye waliketi. Hebu tufikiri: katika ukumbi mmoja wameketi watu wa serikali ya kijeshi na watu ambao ndugu zao waliuawa na jeshi hilo, na mbele yao Watutsi waliozika watu wao mwaka 1993. Kila upande ulikuja na hesabu ya marehemu wake. Kazi iligawanywa kwa kamati. Ile ya kueleza asili ya ugomvi iliongozwa na Armando Guebuza wa Msumbiji, aliyekuja kuwa Rais wa nchi yake. Ya demokrasia, na Nicholas Haysom wa Afrika Kusini. Ya amani na usalama, na Padre Matteo Zuppi wa Italia, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Kamati ya kwanza ilibishana sana juu ya jina la kuyaita mauaji, na ya nani yaanze kutajwa. Mwalimu hakuwaharakisha. Januari 1999 nchi jirani zilisimamisha vikwazo.

Lakini tuseme kweli, lipo kosa. Kundi la wapiganaji wa CNDD lilikuwa limegawanyika mwezi mmoja kabla ya mkutano. Mwalimu alimpokea kiongozi wa zamani, Leonard Nyangoma, akawaacha nje FDD, waliobaki na bunduki nyingi. Alihofu kwamba akiwakaribisha waliojitenga, kila kikundi kitajigawa kipate kiti. Hofu hiyo ilikuwa na maana. Hata hivyo, mwalimu yeyote aliyewahi kuamua ugomvi wa bwenini anajua kwamba ukiwaita wawili ukamwacha aliyerusha jiwe, usiku ugomvi unaanza upya. Arusha wakiongea, Burundi watu walizidi kufa.

Mwaka 1999 aliugua saratani ya damu, akafariki London tarehe 14 Oktoba. Desemba kazi yake ilishikwa na Mzee Nelson Mandela, aliyewatafuta pia wale walioachwa nje. Mkataba ulitiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000, mbele ya Rais Bill Clinton wa Marekani, wengine wakinung'unika. Ndani yake iliandikwa kwamba katika jeshi jipya kabila lolote lisizidi nusu.

FDD walitia sahihi mkataba wao Dar es Salaam tarehe 16 Novemba 2003. Kundi la mwisho, Palipehutu-FNL, lilitia sahihi ya kusimamisha vita hapo hapo Dar es Salaam tarehe 7 Septemba 2006, Mwalimu akiwa amelala Butiama karibu miaka saba.