Robert Noyce, mtu aliyeondoa waya ndani ya chipu

Ukifungua simu yako utakuta vipande vidogo vyeusi. Hizo ndizo chipu. Ndani yake kuna transista mamilioni, kwenye simu janja mabilioni, na zote lazima ziwasiliane. Aliyeonyesha njia ya kuziunganisha bila waya za mkono ni Mmarekani, Robert Noyce.

Alizaliwa mwaka 1927 katika jimbo la Iowa, nchi ya mahindi na nguruwe. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Mwaka 1948, akiwa mwanafunzi wa chuo cha Grinnell, yeye na mwenzake waliiba nguruwe wa meya kwa ajili ya karamu ya bweni. Baadaye walikwenda kukiri na kutaka kulipa, lakini kule wizi wa mifugo ulikuwa kosa la jela. Wafugaji wenzangu mnaosoma hapa mtaelewa. Mwalimu wake wa fizikia, Grant Gale, alimwombea, akasimamishwa masomo muhula mmoja tu. Mwalimu huyohuyo ndiye aliyemwonyesha transista, kifaa kipya wakati ule, ambacho baadaye kiliwapa wazee wetu redio ndogo za kubeba.

Mwaka 1957 Noyce na wenzake saba walimkimbia bosi wao mkali, William Shockley, wakaanzisha kampuni ya Fairchild Semiconductor huko California. Kutengeneza transista waliweza. Kazi ilikuwa kuziunganisha: wafanyakazi, wengi wao wanawake, walikaa mbele ya hadubini wakishika waya nyembamba kwa vibanio. Muungano mmoja ukiachia, kifaa chote kimekufa.

Mwaka 1958 Jack Kilby wa Texas Instruments aliweka sehemu zote kwenye kipande kimoja, ila bado aliziunganisha kwa nyuzi za dhahabu. Januari 1959 Noyce aliandika wazo jingine kwenye daftari lake. Mwenzake Jean Hoerni alikuwa amebuni namna ya kuifunika silikoni kwa utando usiopitisha umeme. Noyce aliona kwamba njia za chuma zinaweza kulazwa juu ya utando huo, na panapotakiwa kugusana patobolewe tundu.

Kampuni hizo mbili zilivutana kisheria kwa miaka kadhaa. Mwaka 1968 Noyce na Gordon Moore walianzisha Intel.

Njia zake zililala bapa, kama barabara za kijiji. Leo chipu zinapangwa ghorofa juu ya ghorofa, na nyuzi za shaba hupita wima ndani ya silikoni yenyewe. Ngazi hizo hula nafasi, haziwezi kuwekwa kila mahali, na joto la ghorofa za katikati hukosa pa kutokea. Hivyo wahandisi wanaumiza kichwa upya: ujumbe upite ngazi ipi, bila foleni?

Noyce alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 3 Juni 1990, akiwa na miaka 62. Miaka kumi baadaye Kilby alipewa Tuzo ya Nobel, ambayo wafu hawapewi. Katika hotuba yake, alimtaja Noyce.