Paul Vieille, Mfaransa Aliyeondoa Moshi Vitani

Askari apokeapo risasi zake kutoka bohari hutazama ganda, hutazama kichwa cha risasi, hutazama fataki. Kilichomo ndani hakioni, wala si desturi yake kuuliza habari zake. Hata hivyo baruti hiyo ndiyo iamuayo risasi itakwenda mbali kiasi gani, itapiga kelele namna gani, na kama adui ataona mahali ilikotoka. Leo twapenda kusimulia maisha ya Paul Vieille, mtu aliyeifahamu baruti kuliko wengi wa zama zake, na ambaye kazi yake iliwapa askari faida kubwa na kuwatia mabaharia msibani.

Vieille alizaliwa mjini Paris tarehe 2 Septemba 1854. Alipokuwa kijana wa miaka 16, nchi yake ilipigwa vibaya na Wajerumani katika vita vya 1870 na 1871. Alisoma Polytechnique, chuo kilichowatoa maafisa na wahandisi wengi wa Ufaransa, kisha akaingia katika idara ya serikali iliyosimamia baruti. Msomaji asidhani kwamba alikuwa shujaa wa medani. Vita vyake alivipigana maabarani, akiwa na vyombo vya kupimia na subira isiyokwisha.

Wakati huo majeshi yote yalitumia baruti nyeusi, yaani mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa. Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi, bali hubaki kuwa moshi na masizi. Kikosi kikifyatua mara chache tu, wingu zito hukifunika kisione mbele, huku adui akijua barabara pa kuelekeza mizinga yake. Jambo hili lilishuhudiwa hata katika pwani yetu. Katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado wana bunduki za mtindo wa 1871 zitumiazo baruti nyeusi, na kila walipofyatua, moshi uliwafichua. Na hapo dawa yake ilikwisha patikana miaka 30 nyuma!

Pamba iliyotiwa asidi, iliyo asili ya dawa hiyo, haikuwa ngeni. Ilijulikana tangu 1846, nayo huungua bila moshi. Lakini iliungua kwa ghadhabu mno, ikapasua bunduki na kulipua maghala, hata Waaustria waliojaribu kuitia katika mizinga yao wakakata tamaa katika miaka ya 1860. Wengine walidhani kosa la pamba ni nguvu zake. Vieille aliona kwamba shauri lilikuwa si nguvu, bali mwendo wa kuungua. Yeye na mkuu wake, Sarrau, walichoma baruti ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa kabisa. Gesi ilisukuma pistoni, pistoni ikaponda kipande cha shaba, na kalamu ndogo ikachora juu ya pipa linalozunguka jinsi shinikizo lilivyopanda, sehemu kwa sehemu ya sekunde. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kusoma maisha mafupi ya baruti kama asomavyo barua.

Michoro ile ilimfundisha kwamba pamba huungua upesi kwa sababu imejaa nafasi, na moto huingia kila mahali kwa pamoja. Akailainisha kwa etha na alkoholi hata ikawa kama ugali laini, akaisukuma kuwa karatasi, akaikata vipande vidogo. Sasa moto haukuwa na pa kuingilia. Ulilazimika kuila baruti kutoka juu, tabaka baada ya tabaka, na unene wa kipande ukawa ndio saa yake. Huo ulikuwa mwaka 1884.

Serikali iliifanya habari hiyo siri kubwa. Baruti ilipewa kwanza herufi V, kisha ikabadilishwa kuwa B. Mwaka 1886 Jenerali Boulanger, Waziri wa Vita, alitaka bunduki mpya upesi, ikapatikana Lebel ya milimita 8. Bunduki ya Gras iliyotangulia ilirusha risasi yake kwa kasi ya mita 450 hivi kwa sekunde. Ya Lebel ilizidi mita 600. Wajerumani walishtuka wakatoa bunduki yao mpya mwaka 1888. Naye Alfred Nobel, aliyekuwa akiishi Ufaransa, alitengeneza baruti yake isiyo na moshi mwaka 1887; Wafaransa walipoikataa akawauzia Waitalia, akatukanwa magazetini kuwa mhaini, hata akahamia San Remo mwaka 1891.

Kwa maoni yetu, kazi bora ya Vieille ni ile ya mwaka 1893. Alionyesha kwamba kasi ya kuungua kwa baruti huongezeka kadiri shinikizo linavyoongezeka, na kwamba kila aina ya baruti ina kiwango chake. Kanuni hii ndiyo inayotawala mpaka leo uchaguzi wa baruti kwa kila risasi, na tutaiona vizuri tukitazama risasi za mwendo mdogo. Risasi ipitayo kasi ya sauti, yaani mita 340 hivi kwa sekunde, huleta mlio wake mkali angani, mbali na ule wa mtutu. Wapigao shabaha wanaojijazia risasi wenyewe, hasa Marekani, hutaka mara nyingine risasi ya bunduki iende chini ya kasi hiyo. Baruti iunguayo polepole ikitiwa kidogo ndani ya ganda kubwa haipati shinikizo la kuichochea. Huungua nusunusu, kasi hubadilika kila mara, na pengine risasi hukwama mtutuni; ikifuatwa na nyingine, bunduki hupasuka. Kwa hiyo huchaguliwa baruti iunguayo upesi, iwezayo kumaliza kazi hata shinikizo likiwa dogo. Nayo ina hatari yake: hujaza nafasi ndogo tu, na ganda laweza kutiwa mara mbili bila mtu kutambua. Hapo shinikizo huharakisha moto, moto huongeza shinikizo, na chuma hakingoji maelezo. Hii ni kazi ya viwanda na mafundi wenye vipimo. Askari haimhusu kufungua risasi za serikali.

Mwaka 1899 Vieille alitengeneza bomba refu lililogawanywa kwa utando mwembamba, upande mmoja hewa iliyoshindiliwa. Utando ulipopasuka, wimbi lilikimbia bombani kwa kasi iliyoishinda sauti. Wachunguzi wa ndege na makombora wangali wakitumia mabomba ya namna hiyo. Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilimpokea mwaka 1904.

Kisha ikaja huzuni. Baruti ya pamba huzeeka. Huoza ndani kwa ndani, hasa penye joto, na uozo wenyewe huzidisha joto. Tarehe 12 Machi 1907 manowari Iéna ililipuka ikiwa gudini Toulon, wakafa watu wapatao 120. Tarehe 25 Septemba 1911, katika bandari hiyo hiyo, ililipuka Liberté, wakafa karibu 300, wakiwamo mabaharia wa meli jirani. Mafundi wa baruti waligombana hadharani wakilaumiana, wengine kiwanda, wengine ghala, wengine baruti yenyewe. Alkoholi iliyotiwa ili kuihifadhi haikutosha. Baadaye ilitiwa difenilamini, dawa iliyokwisha julikana nje, na baruti ikatulia. Si haki kumtwika mtu mmoja vifo vyote hivyo, kwani baruti ilikuwa imeachwa melini miaka mingi katika joto. Lakini haiwezekani kuandika maisha yake na kuviruka.

Vieille alifariki mjini Paris tarehe 14 Januari 1934, akiwa na umri wa miaka 79. Siku hiyo Lebel ilikuwa bado mikononi mwa askari wa Ufaransa.