Munganga Robin Lawrence, aliyeishi miaka 45 kwa shindano

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya watu wakubwa: wafalme, wahubiri, wavumbuzi. Leo tusome maisha ya mtu aliyekuwa mgonjwa na munganga pamoja. Jina lake ni Robert Daniel Lawrence, lakini watu walimjua kwa jina la Robin.

Alizaliwa mwaka wa 1892 katika mji wa Aberdeen, inchi ya Scotland. Baba yake alikuwa na kazi ya kutengeneza burashi. Robin alisoma kwanza luga za Kifaransa na Kiingereza. Kisha akajaribu kazi ya duka kule London, lakini haikumpendeza, akarudi kwao kusoma uganga. Alimaliza mwaka wa 1916, vita ya kwanza ya dunia ikiendelea, akatumwa India kama munganga wa askari. Mwaka wa 1919 alirudishwa juu ya ugonjwa wa kuhara damu.

Alipopona, aliingia katika hospitali ya King's College, London. Alitaka kuwa munganga wa kupasua. Siku moja ya mwaka wa 1920 alikuwa akijifunza operesheni ya mfupa wa nyuma ya sikio juu ya maiti. Kipande kidogo cha mfupa kikaruka, kikamwingia katika jicho. Jicho likavimba na kufanya usaha. Wakampima mukojo, kumbe ulikuwa na sukari. Robin alikuwa na miaka 28 tu.

Nyuma ya tumbo la chakula kuko kongosho, ile tunayoita pankreasi katika somo la biolojia. Inatoa insulini, na insulini ndiyo inafungulia sukari mlango kusudi itoke katika damu na kuingia mwilini kuleta nguvu. Kama insulini hakuna, mtu anakula lakini chakula hakimfai. Anakunywa maji mengi, anakojoa kila mara, anakonda. Wakati ule dawa haikuwako. Waganga walimpa mgonjwa chakula kidogo sana kusudi aishi siku chache zaidi. Hivi mtu alichagua kufa kwa sukari ao kufa kwa njaa.

Robin akapashwa kuacha kazi ya kupasua, akatumika katika labo ya hospitali. Lakini nguvu zilizidi kupunguka. Akaenda mji wa Florence, Italia, kusudi jamaa yake wasimuone akifa pole pole. Kule aliwatunza wagonjwa wengine, huku yeye mwenyewe akingoja mwisho wake.

Lakini ngambo ya bahari, katika mji wa Toronto, Kanada, kazi kubwa ilikuwa inafanyika. Mwaka wa 1921, Frederick Banting na Charles Best walitoa insulini katika pankreasi ya wanyama, katika labo ya profesa Macleod. Collip akaisafisha. Tarehe 11 mwezi wa kwanza 1922 walimpiga shindano kijana wa miaka 14, Leonard Thompson. Ile ya kwanza haikumsaidia sana. Tarehe 23 wakaanza kumpa dawa iliyosafishwa vizuri zaidi, na kijana akapata nguvu. Aliishi tena miaka 13.

Katika mwezi wa tano 1923, munganga Harrison, aliyetumika zamani pamoja na Robin, alimtumia telegramu: insulini imefika, inaponyesha, arudi upesi. Robin alirudi akiwa dhaifu sana. Tarehe 31 ya mwezi ule alipata shindano yake ya kwanza. Mtu aliyeenda kufa mbali akaanza kuishi tena.

Tusizani kama ilikuwa rahisi. Shindano ya wakati ule ilikuwa ya kioo, na sindano yake nene. Mgonjwa alipashwa kuichemsha na kuinoa juu ya jiwe. Akisahau dawa, sukari inapanda na mauti inakaribia. Akizidisha dawa ao akikosa kula, sukari inashuka, anatetemeka na kuanguka. Kila siku apime mukojo, apime chakula, apime dawa. Robin alifanya hivyo siku zaidi ya 16,000.

Kwa sababu hiyo alifahamu kwamba dawa peke yake haitoshi. Munganga anamuona mgonjwa mara moja moja, lakini mgonjwa yuko na ugonjwa wake usiku na mchana. Basi inafaa mgonjwa mwenyewe asome ugonjwa wake, sawa munganga. Mwaka wa 1925 aliandika kitabu cha kufundisha waganga na wagonjwa pamoja. Mwaka wa 1928 alioa, akazaa watoto wanaume watatu. Mwaka wa 1934, yeye na mwandishi H. G. Wells, mgonjwa wake, walianzisha shirika la wagonjwa wa sukari, kusudi hata maskini apate insulini. Mwaka wa 1950 alikuwa presidenti wa kwanza wa shirika la dunia yote. Alikufa mwezi wa nane 1968, akiwa na miaka 75.

Ndugu wanafunzi, ugonjwa huu uko hata kwetu Masisi na Walikale. Unaweza kushika mtoto wa shule, na watu wakazani ni malaria ao uchawi. Ukiona mwenzako anakunywa maji kupita kiasi, anaamka kukojoa usiku kucha, anakonda hata kama anakula, mpeleke kituo cha afya wamupime sukari upesi.

Shida yetu ni baridi ya kutunza dawa. Frigo ni chache, na vita imekimbiza watu mara nyingi. Chupa ambayo haijafunguliwa inafaa ikae katika frigo, lakini isigande barafu, maana ikiganda imeharibika. Kwenye frigo hakuna, watu wanatumia chungu cha udongo chenye kulowa maji, ndani ya kivuli, mbali na moto. Mwaka wa 2021 watafiti wa Médecins Sans Frontières na wa Universite ya Geneva walionyesha kwamba insulini inaweza kulinda nguvu yake majuma 4 katika joto linalopanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37, kama lile la kambi ya Dadaab, Kenya. Kwa hiyo mwenye kukimbia asiitupe dawa yake. Aibebe, kisha aulize muuguzi.

Tena mwenye kuombewa ao kunywa majani asiache shindano. Tuombe, na shindano iendelee. Na sisi tunaolala naye katika dortuari tusimucheke. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kusema maneno yasiyoeleweka, hakulewa: sukari imeshuka. Tumupe upesi chai yenye sukari nyingi ao asali. Kama amezimia, tusimutie kitu katika kinywa, ila tumukimbize kwa munganga.

Robin Lawrence hakupona sukari hata siku moja. Alijifunza kuishi nayo, akafundisha wengine.