Sandwichi: Bwana Mkubwa Aliyebaki Kwenye Mkate

Wanachuo wenzangu, slesi mbili za mkate na yai katikati zimeokoa wengi wetu bumu linapochelewa. Tunaiita sandwichi, kumbe tunamtaja mtu aliyefariki mwaka 1792.

Huyo ni John Montagu, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1718. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Babu yake naye alipofariki mwaka 1729, mtoto huyu wa miaka 10 akarithi cheo cha Earl wa Sandwich. Sandwich ni mji mdogo wa Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Kwa hiyo jina lilianza kuwa la mji, likawa la cheo, ndipo likawa la chakula.

Montagu alisoma Cambridge, akaondoka bila digrii, akazunguka nchi za Mediterania mpaka Misri. Baadaye aliongoza wizara ya jeshi la majini mara tatu. Nahodha James Cook alipofika Hawaii mwaka 1778, aliviita visiwa vile Sandwich kwa heshima yake.

Na mkate je? Mfaransa Pierre-Jean Grosley, aliyetembelea London mwaka 1765, aliandika kwamba waziri mmoja alicheza kamari saa 24 bila kunyanyuka, akila nyama iliyobanwa kwenye mkate, na chakula kile kikapewa jina lake. Stori ikashika. Lakini N.A.M. Rodger, aliyeandika maisha ya Montagu, anaona kuna uwezekano mkubwa alikuwa mezani kwake akifanya kazi. Alianza kazi mapema sana, na enzi hizo mlo mzito ulikuwa mmoja tu, alasiri. Yaani huenda mtu alikuwa anapiga msuli, akaishia kuitwa mcheza kamari!

Hapa chuoni tunalijua hilo. Mtu anakesha maktaba, asubuhi anasikia kwamba alikuwa klabu, na hiyo ndiyo habari inayosambaa.

Tena si yeye aliyeanza. Watu wa Mashariki ya Kati walikuwa wakifunga nyama kwenye mkate karne nyingi kabla yake. Ila huko London aliyeonekana ni mwenye cheo, jina likaenda kwake.

Visiwa vile leo vinaitwa Hawaii tena. Miaka yote ya wizarani wanaikumbuka wanahistoria. Sisi wengine tunamkumbuka tukiwa na njaa.